Umbo Tupu la Kabula

Milembe alilikataa titi la tatu kwa sababu lilikuwa na kiburi.

Alilishika mkononi, akaligeuzageuza kama anayechagua papai sokoni, akaliweka kifuani juu ya kanga, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, kisha akalirudisha mezani. Linatazama juu mno, alisema. Yeye ni bibi mwenye wajukuu, mshona nguo anayejulikana Tabora nzima, na kitu chake hakijapata kutazama juu tangu alipomnyonyesha kifungua mimba wake. La kwanza alikuwa amelikataa kwa kuwa ni la msichana, la pili kwa kuwa ni la mtu mwenye maringo ya unene. Sikudhani Pazi, fundi wa maumbo aliyeyachapa yote matatu, alijibana asicheke, akashindwa.

Hata hivyo jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Titi la kushoto la Milembe lilikatwa zamani, enzi ambazo mpasuaji alitegemea picha bapa za rangi ya kijivu na mengine akabahatisha. Sasa uvimbe ulikuwa umeota kwenye la kulia, ukalipinda umbo kabla mwenyewe hajafika hospitali. Dakta Rwegoshora angeliondoa, kisha angempa yote mawili upya. Mashine ingechapa viunzi laini vya utomvu ambao mwili huumeza polepole, na ndani ya viunzi hivyo wangepanda chembe za mafuta ya Milembe mwenyewe. Kiunzi humezwa, nyama hubaki. Ila nyama hufuata umbo lililochapwa, na umbo likikosewa, mtu anaamka nalo kila siku mpaka anaingia kaburini.

Kwa kawaida mashine hunakili titi zima la upande wa pili. Milembe hakuwa na zima, wala hakuwa na picha ya ujana wake iliyoonyesha zaidi ya gauni. Kwa hiyo mashine ilikuwa inakisia. Ilichukua maumbo ya wanawake elfu na elfu iliowahi kuwaona, ikayachanganya, ikatoa titi la wastani, na titi la wastani si la mwanamke yeyote.

Ndipo Sikudhani alipomwuliza kama ana ndugu wa damu anayeweza kumwazima umbo.

Ndugu huyo, kumbe, alikuwa amesimama mlangoni muda wote akisikiliza. Kabula, mdogo wake Milembe, mfuga nyuki wa kule Sikonge, alikuwa amekuja kumjulia hali dada yake akiwa na ndoo ya asali begani. Alipouliza fundi ni nani, akatajiwa jina la Pazi, aliitua ndoo na kuisogeza mbali kwa mguu.

"Mzaramo?" alisema. "Dada, umekwisha. Huyu atakupigia ngoma, matibabu utayasikia redioni."

Sikudhani alimpa pole kwa mzigo. Alimwambia kwamba mababu zake waliwapelekea Wazaramo mizigo hadi pwani, na anafurahi kuona kazi ya upagazi bado inaendelea katika ukoo. Kabula akacheka mpaka akashika ukuta. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana ruhusa ya kukasirika. Anakutukana mbele za watu, anachukua chakula chako mezani, na msibani mwako anakuja kuchekesha wakati ndugu wanalia. Kabla chai haijapoa Kabula alikuwa ameshaapa kwamba Sikudhani akifa atashuka kaburini alale humo mpaka apewe jogoo. Sikudhani alijibu kwamba yeye atadai majogoo wawili, maana kaburi la Mnyamwezi huwa pana, anazikwa na mzigo wake.

Wakapendana hapo hapo.

Umbo Kabula alilitoa bila kuombwa mara mbili. Alichokataa ni kitu kingine. Sheria ilimruhusu kutoa umbo tupu, nayo ilikuwa na historia yake. Mashine hizi zilipoingia nchini, waajiri walianza kuzitaka picha za ndani za watu wanaoomba kazi, na wakwe wakazidai picha za wachumba kabla ya kuzungumza habari za mahari. Watu wakaikimbia mashine, na wagonjwa wakakosa ndugu wa kuwaazima. Sheria ikaja kuwarudisha. Atoaye umbo tupu hutoa sura ya nje na uzito wake basi, na kinachoonekana ndani hakisemwi kwa yeyote, hata kwake mwenyewe, mpaka yeye akitake.

"Chukua umbo," Kabula alisema. "Ukikuta mtu humo ndani, usiniletee salamu zake."

Milembe alitaka kusema neno, Kabula akamkatiza. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania.

"Mama yetu hakufa kwa ugonjwa. Alikufa kwa kuambiwa. Aliambiwa na daktari aliyekuwa anatazama mlango, na tangu hapo hakushika jembe tena, hakuimba tena. Watu wakawa wanakuja kumtazama kama waliokuja kuaga. Mimi nina mizinga yangu na kwaya yangu. Sitaki kuagwa nikiwa hai."

Sikudhani aliweka kiganja juu ya mashine, kama ilivyotakiwa, akaahidi kwamba hatasema. Aliahidi kwa moyo wote. Naye alikuwa na mama.

*

Mashine yenyewe wauguzi waliibatiza Shangazi, kwa kuwa ilijua ya ndani ya kila mtu. Ilikuwa kitanda chenye tundu, na chini ya tundu beseni la maji ya vuguvugu. Mwanamke alilala kifudifudi, titi likaning'inia majini, na pete ya sauti isiyosikika ikapanda na kushuka kulizunguka. Kisha alisimama, mashine ikamwangaza kwa mbele na ubavuni ili ijue nyama hukaaje mtu anapotembea. Kabula alilalamika kuwa maji ni ya baridi, kwamba huko Uzaramo lazima wanaoga hivyo mara moja kwa mwaka, na alipomaliza alivaa kanga yake akaenda kumtafutia dada yake uji.

Sikudhani akabaki na picha.

Hapa ndipo sheria ilipokuwa na tundu ambalo watunzi wake hawakuweza kuliziba. Ili umbo likae kama mwili, na lisikae kama mpira, fundi lazima aone ndani: mafuta yako wapi, mirija ya maziwa inapita wapi, kipi kizito na kipi chepesi. Lazima mtu mmoja aone. Mtu huyo akishabonyeza kitufe cha kuchapa umbo, picha ya ndani inajifuta, na kinachobaki ni umbo lisilojua lolote.

Aliligeuza titi la Kabula hewani juu ya meza, likiwa limeundwa kwa nuru. Lilikuwa zuri, lilikuwa zito kwa chini, lilikuwa la mwanamke aliyeishi. Alijua papo hapo kwamba Milembe atalikubali, akafurahi. Alipolizungusha tena, Shangazi ikachora duara jekundu ndani kabisa, karibu na mbavu, kuzunguka kitu kidogo chenye kingo zilizochongoka.

Aliliangazia tena kwa mwanga mwingine. Duara likarudi pale pale.

Alikaa kitini. Alijua maana ya duara lile, maana Shangazi haikuwa na desturi ya kulichora ovyo. Kitu cha ukubwa ule hakipapasiki kwa mkono. Kabula hangekihisi mpaka kikue, na kikishakua angekuja hospitali kama alivyokuja dada yake. Leo kingeondolewa kwa mkato mdogo. Kidole cha Sikudhani kilikuwa juu ya kitufe, na akibonyeza, duara lile halitakuwepo tena popote duniani isipokuwa kichwani mwake.

Akakiondoa kidole. Alimtangazia kila aliyeuliza kwamba mashine ya kuchapa inasafishwa.

Alikwenda kwa Dakta Rwegoshora, akaanza kumwuliza habari za mtu fulani, mahali fulani, aliyetoa umbo tupu. Daktari aliinua mkono. Kama ni habari za mama yule wa asali, alisema, asimalizie. Sikudhani akasema haombi kumwambia Kabula, anaomba kumwuliza tu, kama angependa kubadili mawazo.

"Umewahi kumwuliza mwingine yeyote swali hilo?" daktari aliuliza.

"Hapana."

"Basi kumwuliza ni kumwambia. Na wakijua kwamba ahadi yetu inavunjika tukikuta jambo zito, hiyo si ahadi. Kesho hakuna ndugu atakayekuja kumwazima mgonjwa." Alitazama mikono yake. "Mimi ningekuwa wewe nisingelala. Lakini sijui ningefanya nini."

Sikudhani alirudi nyumbani akiwa ameudhika na sheria, na daktari, na mashine, na Kabula zaidi ya wote. Alifikiri atasema. Kisha alifikiri juu ya mama wa wale dada wawili, aliyeacha kuimba, akaona kwamba yeye hana haki ya kuingia shambani mwa mtu mzima na kung'oa anachokiona ni magugu. Kabula hakuwa mjinga. Alikuwa amechagua akiwa na akili zake timamu, na uchaguzi wenyewe ulikuwa na huzuni ndani yake. Mpaka kunapambazuka alikuwa ameamua: atatunza ahadi, atabonyeza kitufe, na atamtania mtani wake kama kawaida. Aliandaa hata utani wenyewe, kitu kuhusu nyuki wanaomkimbia Kabula kwa sauti yake ya kwaya.

*

Alimkuta uani, kwenye benchi la wasubirio, akiwagawia watu michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye mfuko. Milembe alikuwa ndani akipimwa damu.

"Mwangaluka, mtu wa ngoma," Kabula alimsalimu kwa Kinyamwezi. "Mashine bado inasafishwa? Au umeiuza kama mnavyouza mashamba?"

Sikudhani alitabasamu na kuketi. Kabula akampa kipande cha mchembe, kisha akakirudisha mfukoni, akisema meno ya pwani hayakiwezi. Sikudhani akatabasamu tena. Kabula alimtazama kwa pembe ya jicho, akajaribu kubwa zaidi. Alisema ameota Sikudhani amekufa. Kwamba yeye Kabula alishuka kaburini kama alivyoahidi, akalala, akapewa jogoo, akakuta jogoo mwenyewe ni mgonjwa, kwa hiyo akakataa kutoka, na mazishi yakaahirishwa.

Watu wa benchini walicheka. Sasa ilikuwa zamu ya Sikudhani kumwua Kabula. Ndivyo utani unavyokwenda, hata mtoto anajua. Alifungua kinywa ili amwue, amzike, adai majogoo yake, na neno halikutoka. Akautafuta ule utani wa nyuki aliouandaa, hakuupata. Macho yakamjaa machozi, akainama kama aliyeingiwa na vumbi.

Kabula aliufunga mfuko wa michembe polepole.

"Nimekuua na kukuzika," alisema kwa sauti ya chini, "na hujanijibu."

Sikudhani alijifuta macho kwa kiganja.

"Umekiona kitu."

"Sijasema neno."

"Ndiyo maana najua."

Kabula aliinuka. Alitembea mpaka kwenye lango la hospitali, akasimama pale amewapa mgongo, na Sikudhani akaamini kwamba ataondoka. Hakuwahi kujichukia namna ile. Alikuwa ameahidi mdomo, akausahau uso. Kile alichokabidhiwa akitunze kilikuwa kimemwagika mbele ya mwenyewe, mbele ya watu wanaotafuna michembe, na hakikuwezekana kuzolewa.

Kabula alirudi. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Nilikuomba jambo moja tu."

"Najua. Nisamehe."

"Nitakusamehe siku ninayotaka mimi." Alipumua. "Sikiliza. Sitaki uniambie. Usinitafutie maneno ya taratibu, usinishike bega. Mama aliambiwa, hakuonyeshwa. Alikaa na neno tu, na neno likawa linakua kila usiku kwa ukubwa linalotaka. Mimi nikifungua mzinga naona kilichomo, hata kama ni nyoka. Ahadi yako nimekufungulia. Nionyeshe."

*

Sikudhani alilichapa titi la Kabula kwa utomvu angavu, ule ambao wapasuaji huutumia kujifunzia kabla ya siku yenyewe. Mafuta yalitoka kwa rangi ya manjano inayopitisha mwanga, mishipa ya damu kwa nyekundu, mirija ya maziwa kwa nyeupe ikikusanyika kwenye chuchu kama vijito. Kitu kile aliamuru kichapwe kwa rangi nyeusi, ili kisijifiche. Mashine ilifanya kazi tabaka kwa tabaka, na Kabula alisimama mbele yake muda wote, amekunja mikono, hataki kiti.

Lilipokamilika alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa la ukubwa wake hasa na uzito wake hasa. Akalipeleka dirishani, akaliinua kwenye jua.

Alikitafuta kitu kile kwa muda mrefu. Akauliza kiko wapi. Sikudhani akamwelekeza kwa ncha ya kalamu, na Kabula akasogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu juu ya utomvu. Mle ndani, kando ya mishipa yote, palikuwa na punje nyeusi inayolingana na mtama.

"Hiki?"

"Hicho."

"Hiki hiki?"

Mabega ya Kabula yakaanza kutikisika, na Sikudhani akanyoosha mkono kumshika. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo zima, mpaka ikabidi alikumbatie lile titi la utomvu lisianguke.

"Maisha yangu yote namkimbia mtu huyu," alisema. "Nilidhani ni jitu. Nyuki wangu anamzidi!"

Ndipo machozi yalipomtoka kweli, na Milembe, aliyetoka kupimwa damu na kuingia bila kubisha hodi, akamkuta hivyo. Dada mkubwa hakuuliza. Alilichukua lile umbo, akalitazama kwenye jua, akaiona punje, akaelewa. Kisha akalipima kwa kiganja chake, akalishusha, akalipandisha.

"Hili ndilo langu," alisema. "Hivi ndivyo nilivyokuwa."

Wakacheka wote watatu, na hakuna aliyejua tena analia au anacheka. Dakta Rwegoshora alipoitwa, Kabula alimwuliza maswali yake yote akiwa ameshikilia umbo, akionyesha kwa kidole. Mtapita wapi? Hapa. Mtaugusa mshipa huu? Hapana. Shimo litakalobaki? Kiunzi kidogo kinachotoshana na haragwe kitaliziba. Daktari aliongeza kwamba sindano itachukua kwanza kinyama cha kupima, maana picha si hukumu. Siku mbili tatu baadaye jibu lilikuja, nalo lilikuwa lile ambalo Shangazi ilikuwa imelisema. Kabula alilipokea akiwa amesimama, akauliza wataanza saa ngapi.

Sikudhani alijishtaki mwenyewe kwa daktari, mbele ya Kabula. Daktari aliuliza alimwambia Kabula nini. Kabula akajibu kwa niaba yake kwamba hakusema kitu, na kwamba Mzaramo aliyenyamaza ni muujiza ambao hospitali ingepaswa kuutangaza, siyo kuuadhibu. Daktari alijitahidi asicheke. Alisema hata hivyo baraza la maadili la hospitali litaarifiwa, na Sikudhani akakubali, akaliarifu yeye mwenyewe. Aliwaeleza kwamba ulimi wake ulitunza ahadi na uso wake ukaivunja, na kwamba amejiuliza sana kama kweli alitaka kuitunza, na hajui. Baraza lilimwita, likamkemea vikali, na likamwacha kazini. Alilistahili karipio lile, na hakulijutia hata chembe.

*

Siku ya upasuaji ukumbi wa kusubiria ulijaa. Walikuwapo wagonjwa, lakini wengi walikuwa ndugu: madada, mabinti, wapwa, wanawake wazima waliokuja kuazima umbo tupu na kurudi nyumbani bila kujua lolote. Machela mbili zilisukumwa katikati yao. Milembe alikuwa mbele, akiwaelekeza wauguzi namna ya kupindisha shuka. Kabula alikuwa nyuma, ameketi badala ya kulala, na mapajani alikuwa na titi lake la utomvu ambalo alikataa kuliacha wodini.

Walipofika katikati ya ukumbi aliwaomba wasimame. Akamgeukia mwanamke aliyekuwa karibu, mtu asiyemjua, akampa.

"Shika," alisema. "Haliumi."

Mwanamke alilipokea kama anayepewa mtoto mchanga wa watu. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Kabula akamwambia atafute punje nyeusi, na alipoipata, mama wa pembeni naye akataka kuona. Likapita mkono kwa mkono, benchi kwa benchi. Mmoja alisema ni zuri. Mwingine aliuliza kwa kunong'ona kama kweli ndicho hicho tu kinachoua, na Kabula akamjibu kwa sauti ya kwaya, ukumbi mzima usikie, kwamba hicho ndicho, kikiwa bado kidogo, na kwamba yeye anakwenda kukitoa sasa hivi na jioni atakunywa uji.

Machela zikaendelea. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka, dada wawili wakaingia wakibishana nani atangulie, na mlango ukafungwa.

Sikudhani alibaki ukumbini kusubiri umbo lirudi. Halikurudi upesi. Mwanamke wa benchi la mwisho, mrefu, mwenye ushungi wa kijani, alikuwa ameling'ang'ania. Alilitazama muda mrefu. Kisha aliinuka, akalipitisha kwa mwenzake, akamfuata Sikudhani aliyekuwa amesimama mlangoni mwa Shangazi.

"Fundi," alisema. "Mimi nimeandikishwa umbo tupu, kwa ajili ya mama mdogo. Hilo neno tupu, naomba ulifute."

Sikudhani alimwuliza kama ana hakika. Mwanamke alisema hana hakika, ila anataka kuona. Nyuma yake, kwenye benchi, wanawake wawili wengine walikuwa wameshasimama.